Kibla ya Temeke

Wenzangu mliokulia Temeke wakati vichochoro ni mchanga mtupu, na mvua ya masika ikinyesha vyura wanahamia sebuleni, nyinyi mtanielewa. Hapakuwa na mtoto aliyeuliza kibla iko wapi. Tulikua tunaijua kama tunavyoujua mlango wa nyumba yetu. Kibla ilikuwa upande wa Chang'ombe, basi. Jua lilichomoza Kurasini, likazama Ukonga, na kibla ikakaa palepale Chang'ombe. Choo cha uani kilijengwa kikaipa ubavu. Kuku wa sikukuu alishikwa na sisi watoto, mmoja mbawa, mmoja miguu, na Baba amesimama na kisu anafoka, "Mwelekezeni kibla, huyo si gunia!" Damu iliturukia miguuni na hatukulia. Watoto wa siku hizi wanadhani kuku huzaliwa ameganda kwenye friji, hana kichwa.

Baba yetu alikuwa na duka la rejareja: chumvi, mafuta ya taa, nyembe, ubuyu wa kutuhonga sisi tusimpigie kelele akiwa anasikiliza redio. Maneno yake yalikuwa machache, konzi zake nyingi. Jumapili duka lilibaki na Mama, na yeye akatuchukua mimi na kaka yangu Hemedi kwenda kwenye kishamba chetu karibu na Mto Kizinga. Mto ule mnauona leo, mweusi, chupa za plastiki zinapishana na nepi za watoto. Enzi hizo tulikunywa maji yake. Tulioga mpaka midomo ikabadilika rangi, tukala mihogo mibichi tukiwa bado tumelowa, na Hemedi akakamata kambale kwa mikono mitupu akanitishia nao.

Sasa, mkiwa mmezama katikati ya mihogo, mmezungukazunguka hata hamjui mlikotokea, Baba angegeuka ghafla. "Kibla wapi?" Ukionyesha kombo, konzi. "Jua la asubuhi likupige bega la kulia," alikuwa akisema. "La jioni likupige la kushoto. Mbele yako ndiyo kibla. Ukilishika hilo hupotei dunia nzima." Mimi konzi nilizila za kutosha. Hemedi hakuwahi kula hata moja. Angeweza kulala, ukamwamsha, ukamzungusha amefumba macho, akanyoosha kidole palepale. Baba alijivuna naye mpaka akawa anamwita mbele ya wateja awaonyeshe.

Na michezo yetu, Mungu wangu! Tulicheza rede, tulicheza kombolela, tulicheza kibaba na kimama, na tulicheza mazishi. Kifaranga akifa, mtaa mzima wa watoto unakusanyika. Hemedi ndiye imamu, kanzu yake shati la Baba. Wavulana wanabeba kifaranga kwenye kipande cha boksi, wanakwenda nyuma ya choo kuzika, na sisi wasichana tunabaki kibarazani tunalia kama mama zetu wanavyolia. Ilikuwa sheria hata kwenye mchezo. Wanawake hatuendi makaburini. Jeneza likitoka sisi tunabaki na vilio na masufuria. Lakini mimi nilikuwa mtundu, nilichungulia. Nikamwona Hemedi anamlaza kifaranga ubavu wa kulia, kichwa upande wa Kurasini, miguu upande wa Ukonga, uso Chang'ombe. Aliniona nikichungulia, hakunisema. Usiku akaniambia, "Zuhura, ukimlaza vibaya hatajua pa kutazama siku ya kufufuliwa." Sijui alilitoa wapi neno hilo. Nililiamini kuliko yote niliyofundishwa chuo cha Kurani.

Hemedi alipofika umri wa ndevu, alizamia meli. Mnakumbuka, ule ulikuwa ugonjwa wa vijana wa upande wetu. Bandari ilikuwa pale, meli zinaita, na nyumbani hakuna kazi. Asubuhi moja kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, na Mama akajua. Alikaa kizingitini siku nzima ameshika shati lake. Ilipita miaka ndipo tukasikia sauti yake kwenye simu ya jirani: yuko Australia, ndani kabisa, kwenye mji mdogo wa mtoni, anakata manyoya ya kondoo. "Mwakani nakuja, Mama." Akawa anasema hivyo kila mwaka. Kwanza hakuwa na karatasi. Akapata karatasi, akasema anajenga kwanza. Baba akafa, hakuja. Mama akaanza kutembea na fimbo, hakuja. Mimi nilimchukia, sitaficha. Nilikuwa nampa Mama simu na kutoka nje ili nisisikie mwakani nyingine.

Mwaka juzi ilipiga namba ya Hemedi na aliyeongea si Hemedi. Alikuwa mzee mmoja, sauti ya mikwaruzo, Kiingereza chake kinapita puani. Alisema jina lake Doni, kwamba walikata kondoo pamoja miaka mingi, na kwamba rafiki yake amekufa kifua na ameshamzika. Ameshamzika! Tukamswalia ghaibu msikitini kwetu, tukasoma khitma, wanawake wakapika. Lakini Mama hakula. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni. Huko hakuna Waislamu, hakuna adhana. Mwanawe kazikwa na mtu asiyejua hata bismillahi. Kalazwaje? Kaelekezwa wapi?

"Zuhura," akaniambia, "nenda ukamwangalie. Mie sifi mpaka nijue mwanangu kalala kibla."

Nikamwambia mambo ya makaburi ni ya wanaume. Akanitazama. Wanaume wa kwetu walibaki wawili: mmoja miguu imevimba hatoki kitandani, mwingine alinyimwa viza. "Basi wewe ndiye mwanamume," akasema Mama. Ndugu wakachanga, binti yangu Nasra akanijazia mambo yote kwenye simu, nami mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye safari yangu ndefu kabisa ilikuwa Mwanza, nikapanda ndege.

Sitawachosha na ndege wala basi. Nchi ile ni nyekundu na tambarare mpaka unahisi macho yanauma kwa kukosa pa kugota. Mji wenyewe hautimii hata Tandika. Zamani ulikuwa bandari. Ndiyo, bandari, katikati ya bara! Meli za moshi zilipanda mtoni kuchukua magunia ya manyoya ya kondoo, na watu wakatajirika, wakajenga benki za matofali na posta yenye saa. Gati la magogo bado lipo, refu kama ghorofa, limetiwa kibao cha kuwaeleza wageni historia. Chini yake mto umebaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa. Samaki walikuwa wamekufa siku za karibuni na harufu yao ilikuwa haijaondoka. Maduka nusu yamefungwa kwa vyuma. Mbwa mmoja alinifuata barabarani, akachoka, akakaa. Nilijiuliza kwa hasira: Hemedi, hiki ndicho ulichotuachia? Mto Kizinga ulikuja kuubadilisha na hiki?

Mzee Doni alinipokea kituoni. Ni mtu wa asili ya nchi ile, mweusi, ndevu nyeupe, kofia imeliwa na jua. Alitaka kubeba begi langu, akakohoa, nikalibeba mwenyewe. Alinionyesha chumba alichokaa kaka yangu nyuma ya gereji: kitanda cha chuma, birika, kikoi kimekunjwa. Ukutani hapakuwa na kitu ila picha ya Mama, ile aliyopigwa akiwa na meno yote. Nililia pale. Nilikuwa nimeapa sitalia.

Asubuhi yake akanipeleka makaburini, nje ya mji. Kona moja imetengwa, na hapo kuna msikiti. Mimi nilishtuka: msikiti wa mabati, mdogo kama kibanda cha kuku, umesimama peke yake kwenye vumbi. Mzee Doni akanieleza kwamba zamani sana waliletwa watu wa Afghanistan na India kuswaga ngamia wa mizigo, wakafia huko, na msikiti ni wao. Makaburi yao yamepangwa hapo kwa safu, mawe yameandikwa Kiarabu. Na la Hemedi liko mwisho wa safu, udongo bado mbichi, limelala kinyume na mengine yote. Yote yamekwenda vile, la kwake limekwenda hivi.

Nilisimama. Jua la asubuhi lilikuwa linanipiga bega la kulia. Mbele yangu ndiyo kibla. Nikatazama kaburi la kaka yangu: kichwa upande wa macheo, miguu upande wa machweo, uso mbele. Sawasawa! Sawasawa kabisa! Ni wale wazee wa ngamia ndio waliokosea, wote, safu nzima, na msikiti wao wameujenga kombo. Nikawaonea huruma. Watu wazima, na Kiarabu chao, wameshindwa na Hemedi wa Temeke.

Mzee Doni alikuwa kavua kofia. "Nimemlaza sawa?" akaniuliza. Akanisimulia. Hemedi alimwelekeza mwenyewe kabla hajafa: maji mara ngapi, shuka nyeupe, ubavu wa kulia. Mchimba kaburi alitaka kumpanga kwenye safu na wenzake. Mzee Doni akakataa, wakagombana hadi wakashikana mashati. "Nilimwambia, mimi nimemwona mtu huyu akiomba kila siku ya maisha yake, kwenye vibanda vya kondoo, kando ya barabara, kwenye mvua. Najua alikuwa anatazama wapi. Wale wengine siwajui. Huyu namjua."

Nikamshika mkono. Kwetu mwanamke hamshiki mwanamume asiye wake, lakini nikamshika. "Umemlaza sawa," nikamwambia. "Mungu akulipe."

Nikapiga picha, nikamtumia Nasra amwonyeshe bibi yake, nikapiga na simu. Nilimsikia Mama akipiga kigelegele. Mwanamke wa umri ule, kifua kimeisha, anapiga kigelegele kwa ajili ya kaburi! "Kasimama peke yake kwenye haki," nikamwambia, "wengine wote wamepotea, Mama. Hemedi peke yake." Nyuma nikasikia majirani wanaingia, na Mama anaanza kuwasimulia.

Siku ya pili nilikuwa nakunywa chai kwenye nyumba ya wageni, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia. Wenzetu wa kule wanaichora nchi yao katikati, na Afrika imesukumwa kushoto kabisa. Mwalimu ni mwalimu, nikasimama kuikagua. Nikaweka kidole Temeke, nikakipandisha kufuata kibla yetu: Mombasa, Uhabeshi, Bahari ya Shamu, Makka. Vizuri. Baba hakukosea. Nikaweka kidole pale nilipokuwa, kwenye ule mto. Nikakipandisha vilevile, kuelekea kaskazini. Kikapita Guinea Mpya. Kikapita bahari. Kikafika Japani.

Nikarudia. Kikafika Japani.

Makka ilikuwa huko kushoto, mbali, upande wa machweo. Huko huko walikotazama wale wazee wa ngamia. Nimefundisha ramani watoto wa watu tangu nikiwa msichana, nimewachapa kwa kutojua mashariki na magharibi, na haikunipitikia hata siku moja kwamba kibla si kaskazini. Kibla ni Makka, na Makka haihami. Sisi ndio tunaohama. Baba hakulisema hilo kwa sababu hakuwahi kuhama. Alisema dunia nzima, naye dunia yake ilianzia bandarini ikaishia Mbagala. Na mwanawe, mtoto mtiifu aliyemwagiwa sifa mbele ya wateja, alilibeba neno lile mpaka upande wa pili wa bahari, akalisimamisha kwenye vumbi jekundu alfajiri na magharibi, miaka yote ile, peke yake, akiwaswalia Wajapani. Nilicheka, jamani. Nilicheka kwa sauti mpaka mhudumu akaja kuniangalia, na alipofika alinikuta nalia.

Nilirudi makaburini peke yangu, kwa miguu, nzi wananiingia machoni. Sasa niliyaona yale makaburi ya safu kwa jicho lingine. Wale wazee walikuwa wote pamoja wanatazama mahali pamoja, na kaka yangu kawapa ubavu kama aliyegombana nao. Hata katika kifo hana mwenzake. Nikafikiria kutafuta watu wamfukue, wamgeuze. Nani? Kwa kibali gani? Na Mzee Doni, ambaye siku yangu ya kuondoka alikuja na jiwe alilolichonga mwenyewe, jina la Hemedi limeandikwa vibaya, ningemwambia nini? Ulishikana mashati na mtu kwa ajili ya kosa? Niliagana naye kituoni. Akasema ataliweka jiwe vizuri. Nikasema asante. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilijiambia nitamweleza Mama tukiwa wawili. Nikafika nyumbani nikakuta sherehe. Picha ya kaburi imesafishwa, imetiwa kwenye fremu, imetundikwa sebuleni. Mama amenenepa! Alikuwa anakula tena. Kila anayeingia, hata muuza maji, lazima asikie habari ya Hemedi aliyewashinda wenye Kiarabu chao. "Baba yake alimfundisha kwa konzi," anasema, anacheka, "samaki mkunje angali mbichi." Majirani wakawa wanawaleta watoto wao wasikie. Kila siku nilifungua mdomo, kila siku nikaufunga. Nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, nikamweleza yote. Akanituliza: mtu aliyejitahidi na hakujua, swala zake Mungu ndiye mpokeaji. Kuhusu kaburi akasema ni heri kutomsumbua maiti. Kuhusu Mama akasema, "Hilo, Mwalimu, ni mzigo wako." Nilitoka pale nikiwa nimepoa kwa Hemedi na nimeungua kwa Mama.

Masika haya Mama alianguka, na safari hii hakuinuka. Tulimtoa hospitali alipoomba mwenyewe, akasema anataka kufa akisikia kelele za mtaa wake. Kelele zipo, lakini si zile. Uchochoro umetiwa zege, muziki wa singeli unapigwa tangu asubuhi, na watoto hawachezi mazishi ya kifaranga; wamekaa barazani wameinamia simu, kimya, kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari. Juzi mchana, tumemzunguka, akafumbua macho.

"Nielekezeni kibla," akasema.

Wajukuu wakatazamana. Hawakujua! Wamezaliwa katika nyumba ile na hawakujua. Mmoja akaonyesha mlango, mwingine dirisha. Nasra akachomoa simu, akasema subirini, ina mshale wa kuonyesha, akawa anaizungusha hewani kama anatafuta mtandao. Mama akanyanyua mkono wake uliobaki mfupa, akaisukuma simu pembeni.

"Weka huko kidude chako, mwanangu. Nyie mna kila kitu na hamjui mlipo. Hemedi wangu alikuwa peke yake porini, nchi haina adhana, hana wa kumuuliza, na hakupotea hata siku moja. Si kweli, Zuhura? Si ulimwona kwa macho yako?"

Wote wakanigeukia. Nasra alikuwa bado ameshika simu, mshale umetulia, unaonyesha Chang'ombe.

"Kweli, Mama," nikasema. "Enzi zetu tulifundishwa."

Nikashika miguu yake, Nasra akashika mabega, tukamgeuza.